Goti langu linaniacha njiani, na mwezi wa nane naitwa Zambia

Mama Mshauri, jambo sana.

Mimi ni msichana wa miaka 21, nakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Nacheza mpira tangu utoto, kwanza barabarani na wavulana wa avenue yetu, halafu katika timu ya wasichana ya mtaa. Nacheza winga ya kulia. Tangu wasichana wa Mazembe, klabu yetu kubwa ya hapa Lubumbashi, walipotwaa kombe la klabu bingwa Afrika mwaka 2024, hata wale waliokuwa wakitucheka walianza kuja kutazama mazoezi yetu. Mmoja wao ni mtu anayetafutia wachezaji klabu za Zambia. Mwezi wa pili alimwambia kocha kwamba ananitaka. Natakiwa kwenda kufanya majaribio mwezi wa nane, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa. Wakinichukua nitapata mshahara, chumba na chakula. Kwetu hakuna hata mmoja anayepata mshahara wa kila mwezi.

Mwezi wa tatu, mvua ikiwa bado nyingi, tulicheza mechi ya kirafiki kwenye uwanja wenye tope. Nilikimbia na mpira, nikataka kuingia ndani ghafla. Mguu ulibaki umekwama kwenye tope, mwili ukageuka. Hakuna aliyenigusa. Nilisikia ndani ya goti kitu kikilia "tak". Nilianguka, nikasimama, nikajaribu kurudi mchezoni, nikashindwa. Kabla ya jua kuzama goti lilikuwa limevimba hadi suruali ikakataa kupita.

Usiku ule mama alinipeleka kwa mzee mmoja anayekanda mifupa. Alinikanda kwa maji ya moto na dawa za majani, akauvuta mguu, akaufunga. Nililia sana. Baadaye tukaenda kwenye kituo cha afya, wakanipiga radio (eksirei), wakasema mifupa ni mizima, wakanipa vidonge vya maumivu vya diclofenac na kuniambia nipumzike. Nikapumzika. Uvimbe ukashuka, maumivu yakaisha, na mwezi wa tano nikaanza kukimbia tena. Kukimbia moja kwa moja sina shida. Lakini nikigeuka, goti linaniacha. Siku moja nilikuwa nimebeba beseni la maji kutoka bombani, jirani akaniita, nikageuka ili nimjibu, goti likateleza, nikaanguka na beseni langu. Mazoezini pia imetokea, na kila ikitokea goti linavimba kidogo, halafu linashuka.

Kocha anajua nusu tu. Anasema hakuna mchezaji asiye na goti, nivae bendeji ya kubana, na siku ya majaribio atapatikana mtu wa kunichoma sindano ili nisisikie chochote. Anasema yule wa Zambia asiambiwe, kwa sababu nyuma yangu wako wasichana wengi wanaongoja nafasi hiyo. Rafiki yangu wa timu ana dada anayesomea kine, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Huyo aliposimuliwa alisema huenda ni kruaze, kamba ya ndani ya goti, iliyokatika, na kruaze maana yake upasuaji na mwaka mzima nje. Usiku ule sikulala.

Yaya wangu, ndugu yangu mkubwa, ndiye aliyelipia pasipoti yangu. Anabeba watu kwa pikipiki ya mtu mwingine, na pesa ile alikuwa anaiweka ili anunue yake. Ananiambia kila mara kwamba mimi ndiye nitakayewatoa. Sijamwambia kitu. Baba naye hakutaka kabisa nicheze. Nilipoanza alisema: "Siku ukivunjika mguu usinililie." Kwa hiyo nyumbani najilazimisha kutembea sawasawa. Lakini najua anaona, maana juzi nilikuta ameinua mbabula (jiko la makaa) juu ya matofali, pale ninaposongea bukari (ugali), bila kusema neno. Nadhani amechoka kuniangalia nikichuchumaa kwa shida, na ananikumbusha kwamba alinionya.

Nifanye nini, Mama? Ninyamaze niende? Niseme ukweli nipoteze kila kitu? Na kama ni kruaze kweli, pesa ya upasuaji itoke wapi?

Winga wa Katuba

*

Binti yangu, jambo sana, na pole.

Unaniuliza useme au unyamaze. Nikisoma barua yako naona maswali mawili yamefungwa pamoja. Moja ni la goti: ndani yake kumekatika nini? La pili ni la watu: nani ajue, na ajue lini? Umekuwa ukikesha na hilo la pili wakati la kwanza halijapata jibu. Ndiyo maana kila njia unayoitazama inakutisha. Unapima hasara ya kitu ambacho bado hakijapewa jina.

Tuanze na goti. Kwa barua siwezi kukuambia una nini, na usimwamini yeyote atakayekuambia kwa simu au kwa kusikia habari tu, hata kama anasomea kine. Lakini umesimulia vizuri. Mguu umekwama, mwili umegeuka, hakuna aliyekugusa, kitu kimelia ndani, uvimbe umekuja siku ileile. Kisha maumivu yameisha, kukimbia moja kwa moja kunawezekana, kugeuka kunashindikana. Daktari wa michezo akisikia habari hii, kitu cha kwanza atakachokishuku ni hiyo ligamenti (kamba inayounga mifupa) ya ndani ya goti ambayo wachezaji wetu huiita kruaze, na mara nyingi menisko, mto laini ulio kati ya mifupa, huumia pamoja nayo.

Goti linashikwa na ligamenti nne kubwa: mbili pembeni, mbili katikati zikipishana kwa umbo la msalaba. Ile ya mbele kati ya hizo mbili za katikati ndiyo inayouzuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele na usijizungushe ovyo chini ya paja. Ina mishipa ya damu, kwa hiyo ikikatika damu inamwagika ndani ya goti, na goti linajaa kwa saa chache. Damu ile ikiisha kunyonywa na mwili, uvimbe unashuka na maumivu yanaondoka nao. Hapo ndipo wachezaji wengi hudhani wamepona. Lakini ligamenti hiyo ikikatika kabisa, mara nyingi haijiungi yenyewe ikarudia nguvu yake ya zamani. Goti halikuumi, ila halikushiki.

Waliokupiga radio na kukuambia mifupa ni mizima walisema kweli. Radio inaonyesha mifupa. Ligamenti na menisko havionekani pale. Wewe ulisikia "mifupa ni mizima" ukaelewa "goti ni zima", na sikulaumu, maana hakuna aliyekaa nawe akakueleza tofauti.

Kipimo cha kwanza cha kruaze hakihitaji mashine yoyote. Unalala chali, umelegeza mguu. Daktari au kine mzoefu anakunja goti lako kidogo tu, anashika paja kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anavuta muundi kuja mbele. Kwenye goti zima anasikia mahali panapogoma. Kwenye goti lililokatika, mfupa unakuja bila kugoma, na anaulinganisha na mguu wako wa pili. Ni kazi ya dakika moja, na sasa uvimbe umeshuka ni rahisi zaidi kuliko usiku ule wa kwanza. IRM, ile mashine ya picha ya ndani ya mwili ambayo wengine huiita MRI, inathibitisha na kuonyesha hali ya menisko, lakini ni ghali. Usikae nyumbani kwa kuwa huna pesa ya IRM. Anza na mikono ya mtu anayejua.

Sasa kuhusu kocha. Simwoni kama mtu mbaya. Anakutakia nafasi, na pengine naye anaihesabu nafasi hiyo kama yake. Lakini lisome tena shauri lake. Anataka uchomwe sindano usisikie maumivu. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba maumivu yameisha. Tatizo lako ni kwamba goti linateleza ukigeuka, na hakuna sindano inayoshika mfupa. Itakachofanya ni kukunyima ile dalili ndogo inayokuambia usimame. Na winga anapofanyiwa majaribio hutazamwa nini, binti yangu? Anapokea, anageuka, anaingia ndani. Bendeji ya kubana inaweza kukupa moyo, lakini haifanyi kazi ya ligamenti. Na vidonge vya diclofenac ukivimeza kila siku ili ufanye mazoezi, tumbo na figo ndizo zitakazolipa.

Linaloniogopesha zaidi ni kule kuanguka kwako na beseni. Kila goti linapokuacha, mifupa inasagana, na menisko, ile mito miwili ya gegedu inayokaa katikati, inaweza kubanwa na kuchanika. Kruaze wanaweza kuitengeneza upya. Menisko iliyochanikachanika na gegedu iliyolika haitengenezeki hivyo, na kuna wachezaji wanaoanza kusumbuliwa na goti la mzee kabla ya kufika miaka 40. Ukiwahi kushindwa kabisa kunyoosha goti, kama limekwama, usingoje tarehe ya mtu. Nenda siku hiyohiyo.

Dada wa rafiki yako alisema kruaze maana yake upasuaji na mwaka nje. Hapo amefunga mlango upesi mno. Mwaka 2010 kulichapishwa utafiti wa Sweden juu ya vijana wanamichezo 121 waliokatika kruaze. Wengine walipasuliwa mapema, wengine walianza na mazoezi ya kine tu, wakiruhusiwa kupasuliwa baadaye wakihitaji. Baada ya miaka 2, na hata baada ya 5, hali ya magoti ya makundi yale mawili haikutofautiana sana, na karibu nusu ya walioanza na mazoezi hawakuwahi kupasuliwa. Lakini nikuambie na upande wa pili: wachezaji wa kulipwa hawakuwamo katika utafiti ule. Mchezo wa kugeuka na kukata njia unalidai goti kuliko maisha ya kawaida, na wachezaji wengi wa kiwango hicho huchagua upasuaji.

Kwa hiyo kine ni njia, si kitu cha kungojea njia. Misuli ya mbele na ya nyuma ya paja ikiwa na nguvu, inalisaidia goti kazi nyingi. Ngazi moja ya nyumba, ukuta wa kuegemea, kusimama kwa mguu mmoja, vyote hivyo havina bei, ila vinahitaji mtu wa kukuonyesha na kukupandisha hatua kwa hatua kwa miezi kadhaa. Hatari yake ni kwamba ukishasikia nguvu utajaribu kugeuka mapema. Na huenda mwisho wake ukagundua goti bado linateleza, miezi imepita, na upasuaji uko palepale.

Upasuaji wenyewe si kushona ile iliyokatika. Kwa kawaida wanachukua kipande cha kano, kamba inayoushika msuli wako mwenyewe kwenye mfupa, nyuma ya paja au mbele ya goti, wanakipitisha mahali pa ligamenti ya zamani. Kisha ni kine tena, muda mrefu. Utafiti uliochapishwa 2016 na watu wa Oslo ulionyesha kwamba kila mwezi mchezaji anaongeza kungoja, hadi kufikia miezi 9, hatari ya kuumia tena inapungua kwa karibu nusu. Virgil van Dijk wa Liverpool aliumia kruaze mwezi wa 10 mwaka 2020, na msimu ule hakucheza tena, pamoja na madaktari wote wa klabu tajiri. Atakayekuahidi kwamba baada ya upasuaji utakuwa uwanjani kwa miezi 3, muulize maswali mengi. Pesa ni mzigo wa kweli na sitaupunguza kwa maneno. Ila unapouliza bei, uliza pamoja na bei ya kine wa baada yake, maana kupasuliwa bila kine ni nusu ya matibabu.

Nimekuja kwenye watu.

Unasema ukimwambia yule wa Zambia utapoteza kila kitu. Inawezekana. Akisikia neno goti, anaweza kukufuta siku hiyohiyo, na mimi sina namna ya kukuahidi vingine. Lakini kunyamaza nako kuna bei. Klabu nyingi humpima mchezaji kabla ya kumsainisha, na kile kipimo cha dakika moja kitawatosha kujua. Wakikosa kukupima, ukaanguka wiki ya pili ukiwa ng'ambo ya mpaka, nani atakutibu, na mkataba wako utasema nini? Kati ya kusema kila kitu leo na kuficha hadi mwisho kuna njia nyingine pia: kupimwa kwanza, halafu kumwambia kocha na yule mtu kwamba umeumia, unatibiwa, na unaomba uitwe msimu mwingine. Hatari yake ni kwamba nafasi inaweza kwenda kwa mwingine. Faida yake ni kwamba atakuwa amejua jina lako pamoja na neno lako. Kipi kizito zaidi kati ya hivyo, wewe ndiye unayemjua mtu huyo. Mimi simjui.

Yaya wako alitoa pesa ya pikipiki yake. Naelewa kwa nini ulimi wako ni mzito mbele yake. Jiulize tu: angependa kujua mwezi huu, wakati kuna cha kufanya, au mwezi wa nane kwa simu kutoka Zambia? Pasipoti haiozi. Hata ukichelewa mwaka, itakuwa bado inakufaa.

Na baba. Hapa niruhusu nisome barua yako tofauti na ulivyoisoma wewe. Mwanamume aliyetaka kukukumbusha onyo lake angelisema, tena mbele ya watu. Huyu alitafuta matofali, akaipandisha mbabula ikufikie usichuchumae, akanyamaza. Inaweza kuwa ni lawama kama unavyodhani. Mimi naona mzazi aliyekuona ukiumia akakosa mahali pa kuanzia. Umekuwa ukijilazimisha kutembea sawasawa mbele ya mtu ambaye ameshajua. Pengine mazungumzo na yeye hayatakuwa magumu ulivyoyaandaa kichwani. Pengine yatakuwa. Ukiogopa kwenda peke yako, mpitie shangazi kwanza, kama ana masikio.

Na akikuambia kwamba hiki ndicho mpira unachowafanyia wanawake, una la kumjibu kwa heshima. Ni kweli wasichana hukatika kruaze zaidi ya wavulana, tafiti nyingi zinasema mara mbili na zaidi. Umbo la mwili lina sehemu yake. Lakini kuna na nguvu ya misuli, kuna namna ya kutua na kugeuka ambayo wasichana wengi hawajafundishwa, kuna na viwanja wanavyoachiwa. Hayo yanafundishika. FIFA, shirikisho la mpira la dunia, ina mazoezi ya kupasha mwili yanayoitwa 11+, dakika 20 bila chombo chochote zaidi ya mpira, na yalipojaribiwa kwa wasichana wa Norway majeraha makubwa yalipungua karibu nusu. Mwonyeshe kocha wako. Wenzako wanaokimbia kwenye tope lilelile wanayahitaji kuliko bendeji.

Neno moja kwa wasomaji wengine, maana barua za namna hii ninazipata nyingi. Mzee anayekanda ana kazi yake kwa misuli iliyochoka, sitamdharau. Lakini goti au kifundo kilichovimba leo hakikandwi, hakivutwi, hakichomwi kwa maji ya moto siku mbili tatu za kwanza, kwa sababu ndani bado kunavuja damu. Chupa ya maji baridi sana kutoka friji ya jirani, iliyofungwa kitambaa, dakika 15 hivi kila baada ya muda, bendeji isiyobana sana, mguu juu ya mto. Kisha kupimwa.

Binti yangu, mwezi wa nane bado uko mbele, na wiki moja ya kwenda kupimwa haikufungii njia hata moja kati ya hizi. Hadi hapo, mazoezi ya kugeuka yaache, hata kama utakimbia moja kwa moja. Uliza katika hospitali kubwa kuhusu daktari wa mifupa au kine anayeshughulikia wachezaji. Ukienda vaa kaptula, beba picha ya radio na majina ya dawa ulizomeza. Msimulie kama ulivyonisimulia mimi, na lile la beseni usilisahau. Muulize: ligamenti inashika au haishiki? Menisko ikoje? Nikianza kine leo, lini tutajua kama inatosha? Akikujibu, niandikie tena, na kama yaya wako atakuwa amekusindikiza, aongeze na yeye swali lake.